Uso Aliouziba Mwenyewe

Kiti alichopewa kilitosha kumwambia kwamba hatakiwi. Sebuleni mwa mama mlikuwa na viti vinne vyenye mito, na stuli moja ya plastiki yenye mguu uliopinda, ambayo hukaa karibu na mlango kwa ajili ya watu wanaokuja kuuliza njia. Jumamosi ile, saa nane mchana, kijana aliyetaka kumwoa binti wa nyumba alielekezwa kwenye stuli.

"Shikamoo, mama."

"Keti."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mjomba aliitikia, kwa kuwa alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na hakuwahi kuacha salamu bila jibu, hata ya mtu aliyekuja kumgombeza. "Kijana, jina lako hasa ni nani? Maana hili la Mubashara, sidhani kama mzazi wako alikupa akiwa na akili timamu."

"Wananiita hivyo tu, mjomba."

"Mjomba wa nani? Hujafika huko bado."

Binti alikuwa amesimama kwenye pazia la mlango wa ndani, pini tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Cherehani yake ilikuwa katika chumba cha mbele kinachotazama barabara, na jina la Fundi lilikuwa limemganda kiasi kwamba alipoitwa lile la kwenye cheti, huko zahanati, alikuwa akigeuka kutafuta ni nani mwingine. Alimtazama kijana akijaribu kukaa sawa juu ya stuli ile, goti moja juu na jingine chini, simu ameikumbatia kwa mikono miwili. Moyo wake ulimwuma. Alitamani kwenda kumshikia ule mguu mbovu usiyumbe. Hakwenda.

Mubashara hakuwa na ofisi wala kitambulisho cha mwandishi. Alikuwa na simu, na wenzake watatu wenye simu, na ukurasa wa mtandaoni walioupa jina la Ubao. Wanawake walipochoka kuamka kwenye mabomba makavu, wakaenda na ndoo tupu kukaa mbele ya lango la idara ya maji, magazeti yaliandika mistari miwili na televisheni haikuja. Ubao ulikuja. Ubao ulikaa nao juani siku tatu, ukarusha picha za kila siku jioni yake, na kila siku ndoo ziliongezeka kwa sababu watu wa mitaa mingine waliona wakasema, kumbe si sisi peke yetu.

Siku ya tatu mlinzi mmoja alitoka langoni na rungu, akampiga bibi wa karanga, ajuza aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yake iliyofunikwa. Bibi alianguka. Katika picha ile ya video, ambayo watu waliitazama mpaka wakaota nayo, anaonekana mwanamume akikimbia kutoka pembeni, anapiga magoti, anambeba bibi mikononi kama anavyobebwa mtoto, anaondoka naye. Uso wake umezibwa. Mgongo wake unaonekana vizuri.

Mwanamume yule alikuwa kaka yake Fundi. Na alikuwa msoma mita wa idara hiyo hiyo ya maji.

"Nataka nielezwe kitu kimoja," mama alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulitisha kuliko kelele. "Ile picha nimeitazama mara mia. Uso mliuziba. Hata mimi niliyemzaa nisingemjua kwa uso. Lakini lile shati! Shati lenye kiraka cha jani la buluu mgongoni, nani katika mji huu analo jingine? Ofisi nzima inalijua. Bosi wake alitazama mara moja tu akasema, huyu ni wangu. Sasa nyinyi mlikuwa mnaziba nini?"

Fundi alihisi damu ikimpanda masikioni. Alisubiri Mubashara ageuke amtazame. Kugeuka tu kungetosha, mama angefuata macho yake na kila kitu kingejulikana.

Hakugeuka. Alitazama sakafu.

"Kosa ni langu, mama."

"Langu! Umesikia?" mama alimwambia mjomba. "Amekuja kwangu kuoa dada, kabla hata hajajibiwa kanifungia kaka."

"Leo ni siku ya tano yuko mahabusu," mjomba alisema. "Jana nimempelekea dawa yake ya kuvuta, ile ya pumu. Wamekataa kuipokea. Wamesema hakuna mgonjwa pale. Nimesimama dirishani nikamsikia anakohoa, kijana, na mimi kikohozi cha mpwa wangu nakijua."

Mama alifunga macho.

Mjomba akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimeitwa na bosi wao. Karatasi hakunipa, mjanja yule. Nimeandika mwenyewe nilipotoka nje, nisije nikasahau neno. Anataka Ubao uweke kanusho. Useme ile picha ya bibi ilikuwa ya kuigiza, mlipanga na watu wenu. Likitoka leo, kijana wetu analala nyumbani kesho na Jumatatu anarudi kazini."

"Na picha ifutwe?"

"Picha hawaijali. Imeshasambaa, nani ataikimbiza? Wanataka neno lenu." Mjomba alisita, kama mtu aliyeona aibu ya kile anachokisema. "Anasema watu wanaiamini kwa sababu Ubao haujawahi kudanganya."

"Ndiyo maana siwezi, mzee."

Mama alisimama. Alikuwa mfupi, lakini alisimama mbele ya stuli ile mpaka kijana akalazimika kuinua kichwa.

"Mwezi uliopita shangazi yako alikaa kiti kile pale, akanywa chai yangu, akasema mtoto wake amempenda mtoto wangu. Nikamwambia nipe muda nifikiri. Nimemaliza kufikiri. Mwanangu akilala kitandani kwake kesho, njoo umchukue dada yake, sitakuuliza chochote. Akilala kule, usipite hata mbele ya dirisha langu. Jibu la posa yako ndilo hilo."

Mubashara alinyanyuka. Stuli ikaanguka nyuma yake, akaiinua, akaisimamisha vizuri.

"Naomba niongee na Fundi, mama. Hapo mbele tu. Mlango utakuwa wazi."

"Ongea naye. Wewe ndiye mwenye kuongea, sisi wengine tunarushwa tu."

*

Chumba cha cherehani kilinuka nguo mpya na mafuta ya mashine. Juu ya meza ya kukatia, chini ya kanga iliyokunjwa, palikuwa na kompyuta kuukuu ambayo mama alidhani ni ya mitindo ya nguo. Hapo ndipo nyuso zilipozibwa.

Miezi minane iliyopita Mubashara alileta mkoba ulioharibika zipu. Alipokuwa akisubiri aliweka simu mezani, picha ya mkusanyiko fulani inacheza, na Fundi, mdomo umejaa uzi, akamwambia, "Huyu umemsahau. Yuko kwenye kioo cha gari." Kijana akainama akatazama, akatazama tena. Kweli, katika kioo cha gari lililoegeshwa palikuwa na uso wa mtu mdogo kama punje, ambaye angeweza kufukuzwa kazi kwa ajili ya punje hiyo. "Macho gani haya?" aliuliza. "Ya kuona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi," alijibu yeye. Tangu siku hiyo hakuna picha ya Ubao iliyotoka bila kupita mezani pale. Mubashara alipiga picha, Fundi akaziba uso wa kila mtu ambaye hakukubali kuonekana, mmoja baada ya mwingine. Na ilikuwa sheria kati yao kwamba aliyetayarisha habari habonyezi mwenyewe kuitoa. Anayebonyeza ni mwingine, aliyeitazama mwisho. Mara nyingi mwingine huyo alikuwa Fundi. Walikaa bega kwa bega juu ya kiti kimoja kwa sababu cha pili kilikuwa na vitambaa vya watu, na mapenzi yakawakuta hapo hapo, hawajajiandaa.

Sasa Mubashara alisimama mlangoni kama mteja.

"Mbona hukunitaja?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini. "Unajua fika aliyeziba ni mimi."

"Ulitaka nikutaje?"

"Nilitaka mtu anitaje. Mimi nimeshindwa."

"Mama yako mimi hanipendi tayari. Kuna faida gani achukie wawili?" Alijaribu kutabasamu, tabasamu halikufika. "Lakini nikuulize, Fundi wangu. Ulipokuwa unauziba ule uso, ulijua ni nani?"

Alishika ukingo wa meza.

"Nilijua tangu alipoingia kwenye picha. Nilijua kwa namna anavyokimbia. Alirudi nyumbani siku ile mkono wa shati una damu ya bibi, akaniapisha nisimwambie mtu. Hata mchumba wako, alisema. Kwa hiyo nikauziba ule uso mimi mwenyewe, kwa uangalifu ambao sijawahi kumzibia mtu. Nikarudia mara tatu."

"Na shati?"

Barabarani watoto walipita wakigombania mpira.

"Nililiona."

"Uliliona."

"Alilichana kwenye seng'enge akienda kusoma mita, nikalitia kiraka. Kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye gauni langu, nikakikata umbo la jani kwa sababu kiraka cha mraba kinamfanya mtu aonekane maskini. Nililiona lile jani kwenye kioo, kubwa, limejaa, na nikatabasamu, Mubashara. Nikasema moyoni, ona mshono ulivyokaa, hata akiinama haukunjiki. Sikufikiri habari ya bosi. Nilikuwa naangalia kazi yangu."

Machozi yalimshuka, wala hakuyafuta. Mubashara alivuka chumba kwa hatua mbili akamshika mikono, na kwa muda mfupi hapakuwa na sebule wala idara ya maji, palikuwa na vidole vyake tu, vyenye joto, vikipapasa zile alama ndogo za sindano kwenye vidole vya Fundi.

"Ungeniambia ni yeye," alisema, "ningeikata sehemu ile yote. Ningemwacha bibi ainuke mwenyewe kwenye picha."

"Najua. Ndiyo maana nikilala silali." Akajitoa mikononi mwake. "Andika hilo kanusho."

"Fundi."

"Andika. Ana pumu. Wamelaza watu sakafuni mle, vumbi tupu. Andika, nakuomba, sitakuomba kitu kingine maishani."

"Leo asubuhi nilikuwa wodini."

"Usiniambie habari za bibi."

"Nyonga imevunjika. Amefungwa mguu na kamba juu, yuko pale anatania wauguzi, anawaambia wamemwanika kama nguo. Ameniuliza, yule mwanangu aliyeniinua yuko wapi? Nina salamu zake. Jumatano kesi ya bibi na wenzake dhidi ya idara inasomwa. Wakili wao hana kitu kingine mkononi, ana ile picha na ana neno letu kwamba ni ya kweli. Tukisema aliigiza, Fundi, yule mama atatoka hospitali na magongo na watu watamcheka barabarani."

"Nimekwambia usiniambie!"

Kutoka sebuleni mama alikohoa, kikohozi cha kuwakumbusha kwamba mlango uko wazi.

Mubashara akakaa kwenye kile kiti kimoja. Huyu alikuwa kijana ambaye vidole vyake vilikuwa vikikimbia. Chini ya kila picha alitia beti zake mwenyewe, alizojifunza kuzipima kwa kugonga goti, na alikuwa na majivuno nazo kama jogoo. Sasa aliandika neno, akafuta, akaandika. Mistari minne ilimchukua robo saa nzima. Kisha akampa simu.

"Bonyeza wewe."

"Mimi?"

"Nimeandika mimi, kwa hiyo sibonyezi mimi. Sheria yetu. Ukisema hapana, nitabeba matusi ya mama yako mpaka kaburini. Ukisema ndiyo, nitabeba mengine. Lakini siwezi kukuchagulia nani aumie."

"Huo ni ukatili."

"Ndiyo," alisema. "Ni ukatili. Nao nimeletewa, sikuubuni."

Fundi akasoma. *Ubao unawaarifu wasomaji kwamba picha ya bibi aliyeanguka mbele ya lango la idara ya maji ilikuwa ya kuigiza. Hakuna aliyepigwa. Aliyeonekana akimwinua alikuwa mshiriki wa igizo hilo. Tunaomba radhi.* Katika neno *mshiriki* palikuwa na herufi iliyoruka. Akairudisha, kwa mazoea tu, kama anavyokata uzi uliobaki kwenye pindo. Halafu akasikia, au alidhani amesikia, kikohozi cha kaka yake.

Akabonyeza.

Haikupita dakika simu ilianza kutetemeka mikononi mwake. *Na nyinyi mmenunuliwa?* mtu wa kwanza aliandika. *Nilikuwepo pale, niliona damu, damu nayo iliigiza?* wa pili. *Kumbe wote ni wale wale.* Wa tano alikuwa mwanamke ambaye alikaa na ndoo yake siku zote tatu, na yeye aliandika neno moja: *Kwa nini?*

Mubashara aliichukua simu taratibu, akaizima.

"Tayari?" mama aliita kutoka ndani.

"Tayari, mama," kijana alijibu. Kisha kwa sauti ya kusikiwa na Fundi peke yake: "Kesho atakuwa nyumbani."

"Na wewe utakuja lini? Mama amesema utakuja kunichukua. Umemsikia mwenyewe."

Alimtazama. Fundi aliyajua macho yale yakiwa na hasira, yakiwa na mzaha, yakiwa na usingizi baada ya siku nzima juani. Hakuwahi kuyaona hivi, kama nyumba iliyohamwa.

"Nikuchukue nikupeleke wapi? Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kukuletea. Sina nyumba, sina kazi inayotajika mbele ya mjomba wako. Nilikuwa na Ubao. Watu wakiniona wanasema yule hadanganyi. Nilitaka uolewe na mtu huyo."

"Mimi nakutaka hata bila..."

"Sasa hivi unasema hivyo. Tutaishi vipi? Mimi nikikutazama nitakiona kidole kilichobonyeza. Wewe ukinitazama utaniona nilivyotaka kumwacha kaka yako sakafuni. Tutakuwa tunakwepana macho mezani, mpaka tuchukiane. Afadhali niondoke ukiwa bado unanililia."

"Una kiburi," alisema Fundi, akilia. "Hata kuniacha unaniacha kwa maringo."

"Kweli," alisema yeye, na sauti yake ikakatika katikati. "Hicho tu ndicho hakijauzwa."

Akamgusa shavu kwa nyuma ya mkono, mara moja. Akatoka kwa mlango wa barabarani, hakuaga sebuleni. Fundi alisimama akimtazama mpaka alipokata kona ya duka la vioo, na hata baada ya hapo aliendelea kutazama, kwa kuwa vioo vile vilikuwa vimeegemezwa nje na mgongo wake ulibaki ndani yake kwa hatua tatu zaidi.

*

Kaka alirudi Jumapili saa sita. Alikuwa amekonda usoni na kifua chake kilipiga filimbi, lakini alikuja kwa miguu yake, na mama alimwosha miguu kwa mikono yake mwenyewe kama mgeni wa heshima, akicheka na kulia kwa pamoja. Mjomba alisema utani wake wote wa miaka thelathini. Kaka alikula, akavuta dawa yake, akamgeukia Fundi.

"Mdogo wangu, nipe simu. Mle ndani hatukuwa na habari hata ya mvua."

"Pumzika kwanza," mama alidakia.

"Nimepumzika siku tano, mama."

Akasoma. Walimwona akisoma, akarudia. Uso wake ulibadilika polepole.

"Nani ameandika haya?"

"Achana na hayo," mama alisema. "Kesho unarudi kazini. Yamekwisha."

"Mshiriki wa igizo. Mimi?" Alicheka kidogo, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Nilimbeba yule bibi, mfupa wake ukaniambia krr hapa mkononi. Nimelala siku tano nikijiambia, basi, angalau hilo nililifanya, hilo hawawezi kuliondoa. Mle ndani hilo ndilo lililokuwa godoro langu. Ni yule mchumba wako, eh? Mwoga mkubwa!"

"Mwoga kweli," mama aliunga mkono, haraka. "Na nimeshamfukuza."

Ndipo Fundi alipofungua mdomo.

"Si yeye."

"Nyamaza wewe," mama alisema, bila kugeuka.

"Uso niliuziba mimi, mama. Kazi ile naifanya mimi, miezi minane sasa. Shati nililiona nikaliacha, nililipenda. Na hili neno ameandika yeye kwa sababu nilimlilia, lakini aliyebonyeza ni mimi. Jana alikaa kwenye ile stuli mkimtukana, alijua kila kitu, akaninyamazia."

Mjomba alivua miwani yake akaanza kuifuta, ingawa haikuwa chafu. Mama alikaa chini taratibu, mkono kwenye goti.

"Mbona hukusema jana?"

"Jana nilikuwa na nafasi ya kupendwa na wote."

Alikwenda chumba cha mbele, akaifungua kompyuta. Alikuwa ameamua. Angelifuta kanusho, angeandika ukweli kwa jina lake, basi. Lakini Ubao ulipofunguka haukumpa pa kuandikia. Jina lake, lililokuwa pale kwenye orodha ya watayarishaji tangu mwezi wa pili wa mapenzi yao, halikuwepo. Chini ya kanusho mstari ulikuwa umeongezwa alfajiri: *Haya yameandikwa na kutolewa na mimi peke yangu. Hakuna mwingine anayehusika.* Akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu kwenye simu yake, wa saa kumi na moja na nusu alfajiri, nao hakuwa ameuona kwa pilikapilika za kumpokea kaka:

*Siondoki kwa hasira, moyo wangu ungalipo,*
*Nimebeba la hasara, wewe tulia ulipo,*
*Wakitafuta ishara, waambie hukuwepo,*
*Ukinikumbuka mara, nami nakumbuka papo.*

Alisoma mpaka herufi zikaungana. Hata kosa lake alikuwa amemnyang'anya, akaondoka nalo, ili alale salama. Hapo ndipo Fundi alipojua kwamba kweli amekwenda, maana mtu anayetaka kurudi huacha mlango wazi, na huyu alikuwa ameufunga kwa upendo wote aliokuwa nao.

Kaka alisimama nyuma yake amevaa viatu.

"Wodi gani?"

"Unakwenda wapi na kifua hicho?"

"Kwa bibi. Wakili wao hana picha tena, sawa. Atakuwa na mimi. Nitasimama Jumatano niseme nilimbeba, na kwa nini nilimbeba."

"Watakufukuza! Watakurudisha kule!" Fundi alimshika mkono. "Kaka, unajua nimelipa nini ili utoke?"

"Najua," alisema kaka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa laini. "Lakini hukuniuliza kama nataka kulipiwa. Unakuja au unabaki?"

Mama alikuwa mlangoni amewasikia. Alimpa kaka dawa yake ya kuvuta, akaingia ndani.

Walikwenda kwa miguu. Hospitalini saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imeanza, watu wamejaa koridoni na vyombo vya chakula. Mlangoni mwa wodi ya mifupa alisimama mwanamke wa makamo mwenye sura ya bibi, macho yamevimba, simu mkononi. Fundi hakuhitaji kuuliza alikuwa anasoma nini.

"Mnamtaka nani?" mwanamke aliuliza.

"Mama yako," kaka alisema. "Mimi ndiye niliyembeba siku ile."

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu, toka viatu hadi kichwani, akimtafuta mtu wa kwenye picha. Kisha uso wake ukalegea, akamshika kaka bega. Ndipo alipomwona binti aliyesimama hatua moja nyuma.

"Na wewe?"

*Waambie hukuwepo.* Ilikuwa zawadi ya mwisho, ameitunga kwa mizani, na angeweza kuipokea hapo hapo, akasema mimi ni dada yake, nimemsindikiza tu. Fundi alivuta pumzi.

"Mimi ndiye niliyetangaza kwamba mama yako aliigiza," alisema.